Amen Iliyokatikia Njiani: Shajara ya Kumalizia Fyugi ya Mozart

Januari, kabla ya kuandika noti yoyote

Kazi yenyewe ni hii: kumalizia Amen ya Requiem ya Wolfgang Amadeus Mozart, ile inayotakiwa kufuata sehemu iitwayo Lacrimosa, kwa kutumia vipimo 16 (vile vigawanyo vifupi vya muziki kwenye mistari ya noti) alivyoviacha kwenye karatasi ya rasimu. Nataka iwe ya kwaya ya sauti nne na kinanda. Iimbike na watu wanaokuja mazoezini jioni wakiwa wameshachoka na kazi zao. Na isimdanganye mtu yeyote kuhusu Mozart anaishia wapi na mimi naanzia wapi. Masharti hayo matatu hayapatani sana, na nadhani shajara hii itakuwa zaidi habari ya ugomvi wao.

Historia kwa ufupi, maana nusu ya wanakwaya wangu wanajua ile ya kwenye sinema tu. Mozart alifariki Vienna tarehe 5 Desemba 1791, akiwa na miaka 35. Misa hii ya wafu iliagizwa kwa siri, kupitia mjumbe, na Count Franz von Walsegg, ambaye mkewe alikuwa amefariki Februari ya mwaka huohuo. Mozart alipokata roho, kipande kilichokuwa kimekamilika kabisa, sauti na okestra, ni cha kwanza tu. Kuanzia sehemu ya Dies irae hadi ile ya Confutatis aliacha sauti zote nne, mstari wa besi, na vidokezo vya okestra hapa na pale. Domine Jesu na Hostias vivyo hivyo. Lacrimosa inakatika baada ya vipimo 8. Sanctus, Benedictus na Agnus Dei hazipo kabisa kwa mwandiko wake.

Constanze, mjane wake, alihitaji kazi ikamilike ili malipo yaliyobaki yalipwe. Alimpa kwanza Joseph Eybler, ambaye tarehe 21 Desemba 1791 aliweka sahihi kwamba ataimaliza. Eybler alijaza okestra vizuri, tena vizuri sana kwa maoni yangu, hadi Confutatis. Alipofika kwenye Lacrimosa akaongeza vipimo viwili vya soprano, akaweka kalamu chini. Mara nyingi mwezi huu nimemfikiria. Kazi ikamwangukia Franz Xaver Süssmayr, mwanafunzi wa Mozart, naye ndiye aliyefika mwisho. Lacrimosa yake ina vipimo 30, na Amen yake ni kordi mbili, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja: G maina, kisha D meja. Basi.

Kordi hizo mbili ndizo dunia imeziimba tangu hapo.

Februari, karatasi ya Berlin

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtafiti wa Mozart aitwaye Wolfgang Plath alitambua karatasi moja ya rasimu katika maktaba kuu mjini Berlin. Juu yake mna rasimu ya sehemu ya Rex tremendae, ambayo imo ndani ya Requiem hiihii, pamoja na kipande kinachohusiana na opera yake ya mwisho, Die Zauberflöte, iliyoonyeshwa mara ya kwanza tarehe 30 Septemba 1791. Halafu mna vipimo 16 vya fyugi ya sauti nne, yaani muziki ambamo sauti zinaingia kwa zamu na wimbo mfupi uleule, ambao ndio kiini chake, na neno lililoandikwa chini yake ni moja: Amen.

Nimekaa na nakala ya rasimu hiyo mwezi mzima. Swali la kwanza si jinsi ya kuimalizia, ni kama ina haki ya kuwa hapo. Wapo wanaosema: Süssmayr alikuwa karibu na Mozart miezi ile ya mwisho, kama mwalimu wake alitaka fyugi, mbona hakuiandika? Labda Mozart mwenyewe alishaiacha. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini naona ya upande wa pili ina uzito zaidi, na ninaiandika hapa ili nikiyumba baadaye niisome tena.

Kwanza, majirani wa rasimu kwenye karatasi ile wanaifunga kwenye mwisho wa mwaka 1791, na katika kazi zote alizokuwa nazo mezani wakati huo, neno Amen linahitajika mahali pamoja tu, mwisho wa Lacrimosa. Pili, fyugi inaipa misa umbo. Kyrie nzima ni fyugi. Domine Jesu inaishia kwa fyugi ya Quam olim Abrahae, na Hostias inairudia. Osanna ni fyugi. Mwisho wa yote ni fyugi ya Kyrie iliyorudishwa kwa maneno mengine. Sekwensia peke yake, yaani ule mlolongo mrefu kuliko yote, toka Dies irae hadi Lacrimosa, ndiyo inayofungwa kwa kordi mbili. Tatu ni kiini chenyewe cha fyugi, na hilo linastahili ukurasa wake.

Kuhusu Süssmayr: inawezekana hakuiona karatasi. Constanze alikumbuka baadaye kwamba alimpa vipande vya karatasi vilivyokutwa kwenye meza ya Mozart, lakini hakuna anayejua ni vipi hasa. Mimi simlaumu. Alikuwa na miaka 25, na mjane aliyekuwa na haraka.

Machi, mi fa mi re do

Wanakwaya wengi ninaowafundisha husoma solfa kwa ufasaha kuliko noti za mistari mitano, kwa hiyo hatua yangu ya kwanza huwa ni kuhamisha kila kitu kwenye solfa. Na hapo ndipo rasimu ilipojieleza yenyewe.

Requiem nzima inaanza na noti tano ambazo besi wanaziimba kwa maneno Requiem aeternam: D, C shapu, D, E, F. Kwa solfa ya D maina, ambapo do ni F: la, se, la, ti, do. Kiini cha Amen ni noti tano ndefu: A, B flati, A, G, F. Kwa solfa: mi, fa, mi, re, do. Weka moja juu ya nyingine. Ile inaposhuka nusu hatua, hii inapanda nusu hatua. Ile inaporudi, hii inarudi. Ile inapanda hatua mbili hadi do, hii inashuka hatua mbili hadi do. Amen ni sura ya Requiem kwenye kioo, noti kwa noti.

Watafiti walishaliona hilo zamani, na ndiyo sababu kubwa ya wengi kuamini kwamba rasimu ni ya misa hii. Nilichotaka kujua mimi ni kitu cha ufundi zaidi: je, wimbo na kioo chake vinaweza kuimbwa kwa pamoja? Nikaviandika, Amen juu, Requiem chini:

mi – fa – mi – re – do
la – se – la – ti – do

A juu ya D ni tano safi, yaani umbali wa noti tano. B flati juu ya C shapu ni saba pungufu, mkwaruzo mkali, lakini mkwaruzo unaojua unakoelekea: ya juu inashuka, ya chini inapanda, na tunarudi kwenye tano safi ileile. Halafu G juu ya E, tatu. Halafu zote mbili zinakutana kwenye F. Hakuna sheria hata moja ya uandishi wa sauti iliyovunjwa. Nilimpigia simu mpiga kinanda wetu usiku ule, nikamwimbia mstari mmoja naye akaimba mwingine. Akanyamaza kidogo, akaniambia, "Mwalimu, huyu mtu alikuwa anajua." Nikamjibu kwamba huenda alijua, huenda ni matokeo tu ya kioo. Vyovyote vile, noti hizo zipo na zinafanya kazi, na mahali pake kwenye fyugi yangu patakuwa karibu na mwisho.

Kuna tatizo moja. Zikikutana kwenye F bila kitu chini yake, sikio linasikia F meja, yaani tumefika nyumba ya jirani. Dawa yake ni besi kushikilia A kwa muda wote huo. A iliyoshikiliwa chini inageuza mambo yote: mwanzo wake ni D maina iliyosimama juu ya A, mkwaruzo wa katikati unakuwa mzito maradufu, G na E zinakuwa sehemu ya kordi ya A inayodai kurudi nyumbani, na ile F ya mwisho inabaki inaning'inia mpaka besi ishuke D. Naona hapo ndipo kilele kitakapokaa.

Aprili, kudakizana

Vipimo 16 vya Mozart ni utangulizi tu: kila sauti inaingia kwa zamu na kiini kile cha noti ndefu, na zile zilizokwisha kuingia zinakimbia kwa noti fupi zaidi kando yake. Anaposimama, fyugi ndiyo kwanza imejitambulisha. Kila kitu baada ya hapo ni changu, na hilo linatisha na kufurahisha kwa kiasi kilekile.

Mwezi huu nimeutumia karibu wote kwenye swali moja: sauti zinaweza kudakizana kwa ukaribu gani? Katika fyugi nzuri, mbele ya safari, sauti ya pili haisubiri ya kwanza imalize, inaikata neno. Nilijaribu kwanza ukaribu mkubwa kabisa, sauti ya pili kuingia noti moja tu baada ya ya kwanza, tano chini kwa jina lakini ikiwa imewekwa juu yake: D, E, D, C, B flati. Matokeo: B flati na D, vizuri. A na E. G na D. F na C. Tano safi tatu zinafuatana sambamba, jambo ambalo mwanafunzi wa mwezi wa kwanza angepigwa nalo mstari mwekundu. Ukiipindua, sauti ya pili ikawa chini, zinakuwa nne sambamba, nazo hazina afya zaidi.

Noti mbili ndiyo jibu. Sauti ya pili ikisubiri noti mbili na kuingia oktava chini, mi inakutana na mi, re inakaa juu ya fa, do inakaa juu ya mi: oktava, sita, sita. Safi. Ikiingia tano chini badala ya oktava, A inakaa juu ya D, G juu ya E, F juu ya D: tano, tatu, tatu. Safi vilevile, na tamu zaidi. Kwa hiyo ninao udakizaji wa aina mbili, na nikitaka ninaweza kuufunga mnyororo: soprano, kisha alto tano chini, kisha sauti nyingine. Zile sauti zisizobeba kiini ndizo zitakazobeba noti fupi za kukimbia.

Katika kupanga huku niliweka sheria kwamba noti fupi zote nitakazoandika zitoke kwenye vipande vilivyomo tayari ndani ya vile vipimo 16, vikikatwa, vikipinduliwa, vikisogezwa juu au chini. Sitatunga wimbo mpya. Msikilizaji akinisikia mimi ndani ya Amen hii, nimeshindwa. Msomaji akishindwa kuniona kwenye karatasi, nimeshindwa pia.

Hilo la pili lina sababu. Muswada uliokabidhiwa kwa mwakilishi wa Walsegg una sahihi ya Mozart ukurasa wa kwanza, pamoja na mwaka 1792. Mozart alikuwa kaburini tangu Desemba ya mwaka uliotangulia. Mwandiko wa Süssmayr ulifanana sana na wake, na watu walibaki wakibishana kwa miongo ni nani aliandika nini. Süssmayr alikuja kusema katika barua yake kwa wachapaji Breitkopf na Härtel, Februari 1800, kwamba Sanctus, Benedictus na Agnus Dei ni zake mwenyewe. Kwenye nakala yangu, baada ya kipimo cha 16, kutakuwa na mstari mzito unaokata sauti zote nne kutoka juu hadi chini. Mwanakwaya yeyote, hata mgeni wa siku ya kwanza, atajua.

Nikiwa kwenye mambo ya miswada: mwaka 1958 muswada huo ulipelekwa kwenye maonyesho ya dunia mjini Brussels, na mtu asiyejulikana akachana pembe ya ukurasa mmoja. Pembe ile ilikuwa na maelekezo ya Mozart ya kurudia Quam olim, na huenda ni miongoni mwa maneno ya mwisho kabisa aliyoandika. Haijapatikana mpaka leo. Sijui kwa nini habari hii huniudhi kuliko zote.

Mei, kukaa nyumbani

Sasa swali lililowagawa waliotangulia kuimalizia fyugi hii. Fyugi hii isafiri kwenda funguo nyingine au ikae D maina?

Richard Maunder, katika toleo lake la miaka ya 1980, aliiacha isafiri. Alichukua mfano kwenye fyugi nyingine ya Mozart ya mwaka 1791, ile ya kinanda cha mashine, K. 608 (namba yake katika orodha ya kazi za Mozart). Robert Levin, aliyeandaa toleo lake kwa ajili ya miaka 200 ya kifo cha Mozart, aliikalisha nyumbani. Nimesikiliza zote mbili mara nyingi. Ya Maunder ina ujasiri. Ya Levin inakaa vizuri zaidi mahali pake. Naandika hili nikijua nitapingwa na rafiki yangu mmoja anayefundisha kwaya nyingine na ambaye humtetea Maunder kana kwamba ni mjomba wake.

Sababu zangu za kukaa nyumbani ni tatu, na ile iliyoniamulia si ya kinadharia. Ni tarumbeta.

Okestra ya Requiem ni ya giza: baseti-honi mbili (aina ya klarineti ya sauti nzito), basuni mbili, tarumbeta mbili, tromboni tatu, timpani, vyombo vya nyuzi na ogani. Hakuna filimbi, hakuna obo. Tarumbeta za wakati ule hazikuwa na vali, yaani vibonyezo vya kubadili noti. Ya D ilitoa noti za asili za D tu, na sehemu ya chini ya sauti yake ina noti chache zenye nafasi pana katikati. Timpani zake ni mbili, D na A. Fyugi ikienda mbali, vyombo hivyo vinanyamaza, na kilele kinachoangukia huko kinaangukia bila mfupa. Ikikaa D maina, A na D zipo mkononi muda wote. Na kile kilele changu cha kioo kinasimama juu ya A iliyoshikiliwa! Timpani inaweza kunguruma A hiyo kipimo baada ya kipimo. Sisi tutatumia kinanda, sawa, lakini ninaandika kana kwamba okestra ile ipo, maana mkono wa kushoto wa mpiga kinanda lazima ujue unaiga nini.

Sababu nyingine mbili nitazitaja tu. Vipimo 16 vyenyewe havionyeshi hamu ya kuondoka nyumbani. Na Lacrimosa ni fupi. Mkia usiwe mrefu kuliko ng'ombe.

Kwa hiyo mpango umesimama hivi: vipimo 16 vya Mozart, kipande cha kati kinachogusa F meja na G maina kwa kupita tu bila kupiga hodi kwa muda mrefu, udakizaji wa tano chini, kisha wa oktava, besi inashika A, kioo, besi inashuka D, mwisho. Muda wote uwe mfupi kuliko Kyrie.

Kuna pia kazi ya daraja. Süssmayr aliifunga Lacrimosa kabisa. Mimi sitaki ifungwe, nataka isimame kwenye mlango. Nimechukua Lacrimosa yake ilivyo mpaka kwenye maneno dona eis requiem, nikaondoa kordi zake mbili, nikasimamisha kwaya kwenye kordi ya A. Kiini cha Amen kinaanza na A. Anayeanza anaichukua noti yake kutoka kwenye kordi ambayo bado iko masikioni. Hahitaji kupewa noti na kinanda.

Juni, mazoezi ya kwanza

Nimewapa rasimu yangu. Niliwapa kwanza vile vipimo 16 peke yake, kwa solfa, tukaviimba polepole mpaka vikakaa. Besi waliipenda mi-fa-mi-re-do mara moja, wakaanza kuiimba hata wakati wa mapumziko, jambo ambalo besi hawa hawalifanyi kwa wimbo wowote wenye Kilatini.

Tulipovuka mstari mzito, mambo yakabadilika. Dada mmoja wa alto, aliyeimba kwaya kabla mimi sijajua kushika kitabu cha nota, alinyanyua mkono.

"Mwalimu, hapa tunapumulia wapi?"

Nikatazama. Alto walikuwa na mkimbio wa noti fupi, silabi moja tu ya "A", bila pengo la kuvuta pumzi, na unaishia kwenye noti ndefu ya kiini. Kwenye karatasi ni pazuri. Kinywani ni adhabu. Nikamwambia wagawane, nusu wapumue mapema, nusu baadaye.

"Tunaweza," akasema. "Ila kule juu kwa mwenyewe hatukuhitaji."

Hakukuwa na la kujibu. Nilirudi kwenye vipimo 16 nikiwa na kalamu ya risasi, nikatafuta kila mahali ambapo mwimbaji anaweza kumaliza neno Amen na kuanza jingine. Ni pengi. Mozart anawapa waimbaji wake "-men" kila wakati wazo linapoisha, kisha "A-" mpya. Neno linajirudia kwa sababu mapafu yanalihitaji. Nikaandika upya kipande cha kati kwa kanuni hiyo, na ajabu ni kwamba muziki wenyewe ulinyooka. Mikimbio mirefu niliyokuwa nikiionea fahari ilikatwa vipande, na vipande vikaanza kujibizana kutoka sauti hadi sauti. Udakizaji, ambao awali ulionekana kwenye karatasi lakini ulizama kwenye kelele, sasa unasikika, maana kuna ukimya mdogo mbele ya kila mlango.

Wanatena, yaani waimbaji wa sauti ya tenor, wana shida nyingine: wako wachache, na kiini kikiwa kwao katikati ya sauti tatu zinazokimbia, hakisikiki. Katika okestra ya awali tromboni zingeimba pamoja na alto, tenor na besi, na tatizo lingeisha. Nimemwomba mpiga kinanda acheze mstari wa tenor oktava ileile kwa sauti ya tromboni ya kinanda chake kila kiini kinapowafikia. Sauti ile si nzuri sana, lakini kazi inaifanya.

Julai, kordi ya mwisho

Kilele kimekaa. A ya besi, kioo juu yake, ule mkwaruzo wa B flati na C shapu ambao soprano waliusahihisha wenyewe kwa kuuimba vibaya mpaka nilipowathibitishia kwamba ndivyo ulivyo. "Kumbe unatakiwa kuuma," mmoja akasema, na tangu hapo wanauma kweli.

Kilichobaki ni kufunga, nacho kimenichukua muda kuliko kilele.

Chaguo la kwanza lilikuwa tano tupu, D na A, bila noti ya kati. Kyrie inaishia hivyo, na kwa kuwa muziki wa Kyrie unarudi mwishoni kabisa, misa nzima inaishia hivyo. Tano tupu haisemi kama ni maina au meja. Ni kavu, ya kale, na inapendeza. Lakini nikiitumia na hapa, nitakuwa nimeitumia mara tatu, na ile ya mwisho kabisa itapoteza makali. Chaguo la pili, D maina ya kawaida, linaiacha fyugi mahali ilipoanzia, kana kwamba hakuna aliyesali.

Halafu nikatazama kinachofuata. Domine Jesu inaanza kwenye G maina. Kordi ya D meja ndiyo inayolisukuma sikio kwenda G. Na kordi zile mbili za Süssmayr, nilizozikata mwezi wa tano, ni zipi? G maina, D meja. Ya kwanza inataja nyumba tunayokwenda, ya pili inafungua mlango wake.

Kwa hiyo Süssmayr amerudi. Kiini cha mwisho, kwa soprano, kinashuka mi-fa-mi-re-do. Ile F inakaa juu ya D ya besi. Sauti zote zinasimama. Kisha zinaimba Amen moja ya mwisho, kwa kordi zake mbili kama alivyoziandika, bila noti yangu hata moja. Wanakwaya waliowahi kuiimba Lacrimosa ya kawaida walizitambua papo hapo na wakaziimba kwa uhakika ambao hawajauonyesha mahali pengine popote kwenye karatasi hii.

Nimeongeza mstari mzito wa pili kabla ya kordi hizo. Upande wa kushoto wa mstari wa kwanza nimeandika Mozart, katikati nimeandika mpangaji wa muziki, yaani mimi, kulia kwa mstari wa pili nimeandika Süssmayr.

Bado kuna sehemu ya kinanda inayohitaji kusafishwa kuanzia udakizaji wa oktava, ambako mkono wa kulia unatakiwa kufika mahali ambapo vidole vya binadamu havifiki. Mpiga kinanda ameshaweka alama za noti atakazoziacha. Nimezikubali zote isipokuwa C shapu moja, na tutaizungumza Alhamisi.